Nyonga ya Mtoto Zaitun

Bi Saburi aliulizwa tena kama aliuvuta mguu wa mtoto, naye akajibu kwamba aliuvuta, ndiyo, kwa sababu mtoto alikuja kwa kutanguliza makalio. Au Sajini alitaka amwache humo humo mpaka abadili mawazo?

Sajini Eustakio hakucheka. Alikuwa mtu wa Masasi, mrefu, soksi zimevutwa sawasawa mpaka chini ya magoti, na kucheka kazini kwake kulikuwa kama kuvua viatu mbele ya wakubwa. Alichonga penseli yake ambayo ilikuwa imeshachongeka, akauliza swali jingine.

"Ulipovuta, ulisikia kitu? Mfupa kulia?"

"Nilisikia mama yake akilia, mwanangu. Mfupa haukupata nafasi ya kusema."

"Bibi, hii ni kesi ya kuumiza mtu. Unaweza kufungwa."

"Umeniambia tangu juzi. Huko jela wanawake wanazaa?"

"Wengine."

"Basi sitakosa kazi."

Alisema hivyo, lakini vidole vyake vilikuwa vikikunja na kukunjua pindo la kaniki, na Sajini, ambaye hakuwa na macho ya bure, aliviona.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Bwana Seleman, karani wa stoo kwenye mradi wa karanga hapo Nachingwea, alikuja stesheni ya polisi na kofia mkononi kusema kwamba binti yake Zaitun, aliyeanza kutembea kiangazi hicho, anatembea kwa kuangukia kushoto kama mtu aliyebeba debe la maji upande mmoja. Hospitali wamesema nyonga imetoka mahali pake. Zaidi ya hapo, hospitali wameandika nambari ya majeraha, na jeraha haliji lenyewe, lina mtu. Mtu huyo Seleman alishampata: mkunga aliyemzalisha mkewe Ashura kule Lionja, Bi Saburi wa Mbwemkuru, upande wa Ruangwa.

Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, angeisikiliza kesi Jumatatu. Bi Saburi hakuwa na mume, na watoto wake Mungu aliwachukua. Shamba lake lilikuwa mikono yake miwili. Hata kama Bwana Shauri angemhurumia na kumpa kifungo chepesi, nani kutoka Ruangwa mpaka Nachingwea angemwita tena amwambie, mama, njoo unipokelee mtoto? Angerudi Mbwemkuru na kukaa mlangoni akitazama wajawazito wakipita mbali.

Hayo Sajini aliyajua. Kilichomkera ni kwamba mtuhumiwa hakuwa akijitetea. Mwizi wa kuku hujitetea vizuri kuliko huyu bibi.

Alikwenda hospitali ya misheni asubuhi hiyo hiyo. Daktari alikuwa mama wa Kizungu, mwembamba, ndiyo kwanza amerudi kutoka likizo kwao. Watu walimwita Bibi Daktari. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia maji ya moto, lakini kwa mifupa kilimtosha. Zaitun alikuwa amelazwa juu ya meza, Ashura amesimama karibu, mtandio umeshuka mpaka machoni.

Bibi Daktari alimkunja mtoto magoti, akayafungua kwenda pande mbili. Goti la kulia lilikwenda lenyewe mpaka likagusa meza. La kushoto lilifika nusu ya njia likagoma. Akamwonyesha Sajini mikunjo ya nyama pajani, jinsi upande wa kushoto ulivyokuwa na mkunjo usiokuwapo kulia, kama shati lililofungwa kifungo cha jirani. Akainua magoti yote mawili pamoja: la kushoto likawa chini ya mwenzake.

"Mguu si mfupi," alisema. "Umepanda juu."

Kisha akaibandika picha ya mifupa dirishani. Sajini alikuwa amewahi kuona picha za namna hiyo, za madereva wa trekta na za watu walioanguka kwenye mikorosho, naye akatafuta ufa. Hakuuona. Daktari akaweka kidole upande wa kulia wa picha, akasema hiki ni kikombe, na kichwa cha mfupa wa paja kinakaa ndani. Akahamisha kidole.

"Huku si kikombe, Sajini. Huku ni kisosi. Kichwa hakina pa kukaa, kimekwenda zake juu."

"Basi si jeraha."

"Mimi naona amezaliwa nayo."

"Hospitali yako iliandika jeraha."

Hapo dresa Fidelis, mganga msaidizi aliyekuwa akijishughulisha na chupa ambazo hazikuwa na shida, aligeuka. Alieleza bila kujificha. Kila ugonjwa unaoingia pale unapelekwa Dar es Salaam kwa nambari, kwa kufuata kitabu kilichotoka Ulaya. Bibi Daktari hakuwapo siku Zaitun alipoletwa. Yeye alipapasa nyonga, akajua imetoka, akatafuta kitabuni nyonga iliyotoka, akaikuta kwenye fungu la kuanguka na kugongwa, akaandika. Nyonga zote alizowahi kuziona maishani zilikuwa zimetolewa na kitu. Hakujua kama kuna watu wanaokuja nayo duniani.

"Nambari zipo mbili," alisema Bibi Daktari. "Moja ya jambo lililompata mtu. Moja ya jambo alilokuja nalo. Nitaibadilisha."

"Ukiibadilisha, utakwenda kuapa mbele ya Bwana Shauri kwamba mkunga hakuitoa kwa kuvuta?"

Daktari alimfunika mtoto miguu. Alisema watoto wa kike, wazaliwa wa kwanza, waliotanguliza makalio, ndio hasa wanaopatwa na nyonga ya namna hii. Lakini ndio hao hao wanaovutwa miguu. Wakimwuliza kama kuvuta kunaweza kuzidisha ubaya, itabidi aseme hajui, na kwenye kitabu hakuna nambari ya sijui.

"Ila nitafutie mwingine," alisema. "Jambo hili hupita kwenye ukoo. Nitafutie mtu mzima wa damu ya mtoto huyu mwenye nyonga hii, nimshike mimi mwenyewe. Hapo nitaapa."

Sajini alimgeukia Ashura na kumwuliza kama kwao au kwa mumewe yuko mtu wa hivyo. Ashura alitazama sakafu akasema hajui. Alisema haraka, kabla swali halijakaa vizuri.

Matibabu yenyewe yalikuwapo. Mtoto angefungwa uzito miguuni, avutwe polepole siku nyingi mpaka mfupa ushuke, halafu awekwe plasta, miguu imepanuliwa kama chura, na akae hivyo mpaka kisosi kijifunze kuwa kikombe. Kila siku anayotembea hivi kazi inakuwa ngumu, na akifika umri fulani hakuna atakayeiweza. Lakini baba yake alikuwa amekataa. Alisema mguu ni kidhibiti, na kidhibiti hakiguswi mpaka kesi iishe. Kidhibiti kilikuwa juu ya meza kikinyonya kidole gumba.

Sajini aliporudi stesheni alimwuliza Bi Saburi swali lile lile. Kwa mara ya kwanza bibi hakujibu papo hapo. Alijikuna shingo, akasema kama anatafuta mwenye mguu mbovu asijisumbue kwenda Lionja, kule watu wazima wote wanatembea kama askari. Aende kwao Mbwemkuru, amwulizie mwanamke anaitwa Magreti, mke wa Severini. Anachechemea vibaya sana.

"Ni ndugu wa Ashura?"

"Hapana. Lakini nilimzalisha mimi."

Sajini aliacha kuandika. Mtuhumiwa wa kuvunja mguu wa mtoto alikuwa anampa mguu wa pili, bure, bila kuombwa.

Askari mwenye akili ya kawaida angefurahi, na Sajini alifurahi kwa muda wa kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa, juu ya lori la mbao, vumbi likimpaka uso rangi ya matofali. Kutoka hapo aliendelea kwa miguu. Alimkuta Magreti akitwanga muhogo mkavu. Alikuwa anachechemea kweli. Alipoulizwa, aliinua kanga kidogo akaonyesha kovu la duara kwenye kifundo, kazi ya mtego wa nguruwe ambao mumewe Severini aliutega mwenyewe na kusahau kumwambia mkewe. Severini alikuwa karibu, naye akaona jambo la kutazama juu ya paa.

"Ulizaliwa na mguu mzima?"

"Nilicheza ngoma kwa mguu huu, Sajini. Muulize huyu, ndiko alikoniona."

"Na Bi Saburi anajua habari ya mtego?"

"Bi Saburi ndiye aliyekuwa ananikanda kwa maji ya moto. Atasahauje?"

Basi Sajini alirudi na mguu huo ambao haukuwa na kazi. Njia nzima aliugeuza kichwani. Mtu husema uongo ili atoke kwenye kesi. Huyu kasema uongo ili azame zaidi. Hakutaka kumpeleka Sajini Mbwemkuru kwa ajili ya Mbwemkuru. Alitaka tu kumtoa Lionja. Palikuwa na nini Lionja?

Sajini alishafika huko mwanzo wa upelelezi, na alifika vizuri mno, hilo ndilo kosa lake. Alikwenda pamoja na Seleman, kila mtu na baiskeli yake. Seleman alikuwa mkwe mwenye adabu. Ameoa Lionja, kajenga kwa wakwe kama ilivyo desturi, na kila Jumamosi anapotoka kazini huanza kupiga kengele ya baiskeli tangu kwenye mikorosho ya kwanza, ili mama mkwe wake asikie na kujiweka. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja huingia porini. Akiwa uani, mama hukaa chini, hujifunika kanga kichwani, na mkwe hupita akitazama upande wa pili, na wakiwa na la kuambiana hupitisha kwa mtu wa tatu. Sajini alimkuta mama huyo, Bi Mwantumu, amekaa mkekani anapeta ufuta, amejifunika. Alimhoji akiwa amekaa. Aliagana naye akiwa amekaa. Hata kwao Masasi ndivyo ilivyo, kwa hiyo hakuona kitu.

Jumamosi, siku mbili kabla ya kesi, alimtoa Bi Saburi mahabusu, akamwambia wanakwenda Lionja aonyeshe namna alivyompokea mtoto, hatua kwa hatua. Seleman aliachiwa ujumbe awafuate akimaliza kazi. Lori liliwashusha barabarani, wakaingia kwenye njia ya miguu, Sajini mbele, mkunga nyuma, akilalamika kwamba serikali ina magari ya kumleta mtu jela lakini haina ya kumrudisha.

Njia ilipinda karibu na kisima. Mchanga pale ulikuwa mwepesi, na kwa kuwa wanawake walikuwa wameshateka maji tangu alfajiri, ulijaa nyayo. Sajini alisimama. Kati ya nyayo zote mlikuwa na msururu mmoja wa ajabu. Wa kulia ulikuwa unyayo mzima, kisigino kimezama sana, mchanga umeumuka pembeni. Wa kushoto ulikuwa vidole tu na nyama ya mbele. Kisha mzima. Kisha vidole. Mtu aliyekanyaga hivyo alikuwa akijitupa upande mmoja kila hatua, na alikuwa mtu mzima, kwa ukubwa wa mguu.

Alichuchumaa. Alipima kwa kiganja. Alifikiri kwanza ni mtu aliyechomwa na mwiba, lakini mwenye mwiba huchagua pa kukanyaga na hatua zake hazilingani. Hizi zililingana kama mshono wa cherehani. Mguu huu umetembea hivi miaka mingi.

Aliponyanyuka kumwita Bi Saburi, aliona jambo ambalo katika utumishi wake wote alikuwa hajaliona. Mtuhumiwa alikuwa ameiachia kanga yake ya mabegani ikashuka mpaka chini, na alikuwa anatembea taratibu juu ya msururu ule ule, kanga ikifagia nyuma yake, huku akitazama ndege.

"Bi Saburi."

"Ee, baba."

"Unafuta nini?"

"Mimi? Kanga imeshuka. Mzee hana mabega."

"Hizi nyayo ndizo zitakazokutoa jela."

Alikusanya kanga. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na utani ulikuwa umekwenda kutafuta maji kwingine.

"Nani kakwambia nataka kutoka kwa mlango huo?" alisema.

Sajini alizifuata nyayo zilizobaki. Zilitoka kisimani, zikapita pembeni ya shamba la muhogo, zikaingia uani, zikaishia kwenye ukingo wa mkeka. Juu ya mkeka alikaa Bi Mwantumu, mtungi wa maji bado una jasho kando yake, kanga kichwani, miguu imekunjwa chini ya nguo. Ashura alikuwa jikoni. Zaitun alikuwa anatembea kutoka kwa mama kwenda kwa bibi, mkono hewani, na Sajini akainama kutazama mchanga uliokuwa nyuma ya mtoto. Unyayo mzima. Vidole. Unyayo mzima. Vidole. Ulikuwa msururu ule ule, umepunguzwa ukubwa tu.

"Mama," alisema Sajini, "naomba usimame."

Bi Mwantumu aliendelea kutazama mikono yake.

"Mama hasimami," alisema Ashura kutoka jikoni.

"Mkwe wake hayupo. Mimi si mkwe wake."

"Wewe ni mdomo," alisema Bi Saburi. "Leo utaona, Jumatatu utasema."

Ilichukua muda. Sajini hakupaza sauti. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaeleza yote: picha ya dirishani, kikombe na kisosi, nambari mbili za kitabu, na kwamba daktari anahitaji mtu mmoja tu wa damu ile. Alieleza Bi Saburi atalala wapi Jumatatu kama mtu huyo hapatikani. Alieleza plasta ya chura. Aliposema kwamba nyonga ya mtoto ikichelewa haitarudi tena, Bi Mwantumu aliinua uso kwa mara ya kwanza, na ndipo akaanza kusimulia, kwa Kiswahili kidogo kilichochanganyika na Kimwera kingi, Ashura akimsaidia.

Alizaliwa hivyo. Mama yake alidhani ni baridi, akamchimbia shimo la mchanga wa moto, akamkanda, haikusaidia. Alipofika umri wa kuolewa alichekwa na vijana wa pande zote, mpaka akaja mwanamume mmoja wa Chiola, mpole, akamchukua, Mungu amrehemu. Ashura alipozaliwa, Bi Saburi ndiye aliyempokea, na kitu cha kwanza wote wawili walichotazama ni nyonga. Ilikuwa salama. Wakashukuru. Ashura akakua na miguu iliyonyooka. Wazee wa Seleman walipokuja kuposa, mama alikuwa mkekani, amejifunika, kama inavyotakiwa. Hakuna aliyeuliza. Baada ya ndoa, desturi ikafanya kazi iliyobaki. Kengele ikilia kwenye mikorosho, yeye anakaa pale alipo, hata kama ni katikati ya njia. Lionja nzima inamjua kwa mwendo wake, watoto wanamwiga wakicheza. Mkwe wake amekaa nao miaka hiyo yote na hajawahi kumwona akipiga hatua.

"Na wewe ulilijua hilo siku ile ulipompokea Zaitun," Sajini alimwambia Bi Saburi.

"Siku ile ile. Nilimkunja magoti, nikasikia la kushoto limegoma. Nikamwambia Ashura mbebe mgongoni sana, miguu ipanuke, usimnyooshe kama mtoto wa Mzungu. Nilidhani litajirudi."

"Kwa nini hukusema stesheni?"

"Niseme nini? Kwamba huyu binti, niliyemzalisha, niliyemweka unyagoni kwa mkono wangu, ana ukoo wa nyonga mbovu, na mumewe asome hilo kwenye karatasi ya serikali? Ndugu zake Seleman wangemwambia amwache kabla jua halijazama. Mimi ni kikongwe, Sajini. Jela nitakaa kidogo tu halafu nitakufa niwatie hasara ya sanda. Huyu ana miaka mbele."

Ashura aliweka sufuria chini. Hakuonekana kushangaa, alikuwa amelijua siku zote, na siku zile za hospitali, alipompelekea Bi Saburi chakula stesheni, alikuwa amelibeba pamoja na chakula.

Sajini alichukua penseli, hakuandika. Alikuwa na kila kitu alichokitafuta. Alichobakiza ni kuamua nani asikie kwanza na asikilie wapi. Akasema Jumatatu Seleman atakuwa barazani kwa Bwana Shauri kama mlalamikaji, na Bi Mwantumu atatakiwa kutembea mbele ya watu wote, mkwe wake akiwa mbele kabisa. Kama hataki iwe huko, basi iwe hapa.

Bi Mwantumu aliuliza kama daktari atalazimika kumshika. Sajini akasema ndiyo. Akauliza kama daktari ni mwanamke. Sajini akasema ndiyo. Akamtazama Zaitun aliyekuwa amekaa mchangani, mguu wa kushoto umegeukia nje.

"Nitakwenda kwa daktari," alisema.

Hapo kengele ya baiskeli ikalia kwenye mikorosho.

Mikono ya Ashura ilikwenda kwenye mkeka kuunyoosha, kama ilivyozoea. Bi Mwantumu aliweka kiganja juu ya mtungi, akajisukuma, akasimama. Alisimama amepinda, kiuno upande mmoja kimetokeza, na hakukaa tena. Bi Saburi alimwambia kwa Kimwera akae, amwachie yeye jela yake.

Seleman aliingia uani akisukuma baiskeli, akamwona Sajini, akafungua mdomo kuamkia, kisha akaona kwamba kuna mtu mwingine amesimama. Alifanya alichofundishwa. Baiskeli ilianguka, yeye aligeukia ukuta wa jiko, akavua kofia, akajifunika nayo uso.

"Bwana Seleman," alisema Sajini, "shahidi yuko hapa."

"Siwezi kutazama, Sajini. Unajua mwenyewe."

"Hakuna aliyekwambia utazame."

Bi Mwantumu alianza kutembea. Ua ule ulikuwa umepigwa udongo mgumu karibu na jiko, na juu ya udongo mguu una sauti. Wa kulia ulitua mzito, na kisigino. Wa kushoto uligusa kwa vidole na kuburuta kidogo. Mzito, mburuto. Mzito, mburuto. Alipita mgongoni kwa mkwe wake, karibu kabisa, akafika mwisho wa ua, akageuka, akarudi. Zaitun, aliyedhani ni mchezo, aliinuka akamfuata bibi yake, na sasa zikawa sauti mbili, kubwa na ndogo, moja nyuma ya nyingine, zikikubaliana.

Mabega ya Seleman yalishuka. Kofia ilibaki usoni. Ilikuwa sauti aliyoisikia kila Jumamosi tangu mtoto aanze kutembea, ndiyo iliyompeleka stesheni.

"Tangu lini?" aliuliza ukuta.

"Tangu kuzaliwa," alisema Sajini. "Daktari ataapa. Hakuna aliyemvunja mtoto wako."

Mwendo uliendelea nyuma yake. Hakuna aliyemzuia Bi Mwantumu, na yeye mwenyewe hakuonekana kujua namna ya kuacha.

"Sajini," alisema Seleman ndani ya kofia, "mwambie mama akae."

Sajini alimwambia, ingawa mama alikuwa amesikia. Alikaa.

"Kesi?"

"Nitaifuta."

"Hospitali?"

"Mtoto atakwenda. Leo, lori likirudi. Waibadilishe hiyo nambari yao."

"Bibi huyu?"

"Arudi kwao. Mwambie nilimkosea."

Sajini alikuwa amemaliza maswali ya kazi. Alilobaki nalo halikuwa la polisi, na aliliuliza hata hivyo, kwa sauti ya chini.

"Na mama wa mtoto?"

Ashura alikuwa mlangoni mwa jiko, mkono umeshika mhimili, akisubiri kuambiwa kama ataondoka na lori hilo akiwa mke wa mtu. Seleman aliondoka ukutani, akapita akiwa amegeukia upande, kofia bado inamkinga kushoto. Aliinua baiskeli, akaunyoosha usukani uliokuwa umepinda, akaelekea barabarani. Hakumtazama mkewe, ambaye desturi haikumkataza kumtazama.

Bi Saburi alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye mikorosho. Kisha akajifunga kanga yake kiunoni kama mtu anayeanza kazi.

"Haya, Sajini wangu," alisema, akimwonyesha Ashura kwa kidevu. "Mimi umenifungua. Huyu nani atamfungua?"